Tulivyoachwa nyuma Seven Sisters: uzoefu wangu na matembezi ya kundi majira ya baridi

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Wiki chache baada ya mwaka mpya nilitulipia nafasi mbili, yangu na ya shangazi yangu, kwenye matembezi ya kundi moja la Waswahili wa hapa London. Jina lao nawahifadhia. Wanaandaa safari za Jumamosi, watu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanakutana stesheni, wanapanda treni kwenda mahali pazuri na kutembea kwa miguu. Wazo zuri kabisa, na ndiyo maana nilitoa pauni 15 kwa kila kichwa bila kuuliza mara mbili. Safari ilikuwa ya pwani ya kusini: kuanzia mji wa Seaford, kupita hifadhi ya Seven Sisters, kumalizia Eastbourne. Tangazo lilisema mwendo wa wastani, wazee karibuni, wanaoanza karibuni.

Shangazi amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana miaka sitini na kitu, na kwao hupanda daladala akichoka kutembea, si kabla. Ila alikuwa ameshakaa wiki tatu ndani ya nyumba yangu akiota hita, anatazama dirishani jinsi giza linavyoingia saa kumi jioni, ananiuliza kama watu wa huku wana mchana kweli. Nikasema huyu nimtoe akaione bahari.

Nawaambia mapema: kama una mzee, au goti linalouma, au ndiyo kwanza unaanza, msiende na hawa watu. Sasa nieleze kwa nini, maana kosa lenyewe ukilitaja kwa haraka linaonekana dogo.

Seven Sisters ni vilima vinavyofuatana ukingoni mwa bahari. Jina linasema dada saba, ingawa ukivihesabu kwa miguu yako vinafika vinane. Bahari imevikata upande mmoja kama mtu anavyokata mkate, na ndani ni chaki tupu, nyeupe. Njia inapita juu yake. Kwa hiyo unapanda, unafika kileleni, unashuka bondeni mpaka magoti yanalia, halafu unapanda tena. Hakuna kilima kirefu. Haven Brow, wa kwanza na mrefu kuliko dada zake wote, ni mita 77 tu. Kinachomaliza mtu ni kule kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, huku upepo wa bahari unakupiga ubavuni na tope limekushika miguu. Tope la chaki wakati wa baridi ni kitu kingine jamani. Ni jeupe, linanata kama ugali mbichi, halafu chini yake panateleza. Ukipiga hatua ishirini kila kiatu kimekuwa kizito kama pishi ya mchele.

Tulikuwa watu 19. Kama kawaida wenye mbio wakatangulia na kiongozi mbele yao. Wakifika kileleni wanasimama. Mabegi chini, chupa za chai zinafunguliwa, picha zinapigwa, watu wanacheka. Sisi bado tuko bondeni. Tunapanda. Shangazi ananishika mkono, mtandio wake unapepea usoni, pumzi inamtoka na moshi. Baada ya dakika tano au sita tunafika. Na palepale, shangazi hajainama hata kushika goti, kiongozi anapiga makofi: "Haya jamani, wote tupo! Twendeni!"

Mabegi yanapanda mgongoni, wanaondoka.

Kilima cha kwanza nikadhani imetokea tu. Cha pili ikawa hivyohivyo. Cha tatu ndipo nikaelewa. Kufika kwetu ndiyo ilikuwa filimbi yao ya kuondoka. Walikuwa wanatungoja, ndiyo, na bila shaka moyoni mwao walijiona wastaarabu kwa kutungoja. Lakini piga hesabu. Vijana wenye mapafu mapya wamepumzika dakika tano au sita kila kilele, mara tano, karibu nusu saa. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyevaa viatu vya kuazima na koti la kuazima, amepumzika dakika sifuri. Asiyehitaji kupumzika ndiye aliyepumzika. Anayehitaji ndiye pekee aliyetembea vilima vyote hivyo bila kusimama.

Nimeshazungumza na watu wawili watatu wanaopenda kutembea hivi, wote wakacheka wakasema aa, hiyo inatokea kila mahali. Sawa, inatokea. Ila kiongozi amelipwa ili isitokee.

Sasa ngoja, nisije nikaonekana nilikuwa nimenuna tangu asubuhi. Nusu ya kwanza ya siku ile ni miongoni mwa siku nzuri nilizopata nchi hii. Mto Cuckmere unaingia baharini katikati ya njia, na pale mdomoni hapana daraja. Inabidi uache bahari, ufuate mto kwenda bara mpaka Exceat, uvuke, halafu urudi kwa ng'ambo ya pili. Wengine walinung'unika kwa huo mzunguko. Shangazi alifurahi, kwa sababu ni tambarare, na kwa sababu ya ndege. Maji ya mto wa zamani yamebaki pale yamejipinda kama nyoka aliyelala, na pembezoni mwake walisimama yangeyange. Yangeyange hawahawa wetu, weupe, mguu mweusi, nyayo za njano, kimya kwenye matope. Shangazi alisimama akamwangalia mmoja kwa muda mrefu, halafu akasema taratibu, "Na wewe umekuja lini?"

Mwanzoni kabisa, tuliposhuka ufukweni kidogo, aliokota kipande cha jiwe jeupe. Akakigeuzageuza, akavua glavu, akakipitisha juu ya jiwe jeusi la gumegume. Kikaacha mstari. Akaandika herufi a, e, i, o, u, kwa ule mwandiko wake wa darasa la kwanza, wenye vitumbo vya mviringo. "Mwanangu, mlima mzima chaki!" Alicheka mpaka machozi. Miaka thelathini ya kugawa vipande vya chaki kwa kuhesabu, kwa sababu boksi lazima lifike mwisho wa muhula, leo amesimama chini ya ukuta wa chaki unaozidi urefu wa minazi. Kile kipande alikitia mfukoni.

Na kiongozi mwenyewe, asubuhi, nilimpenda. Kijana wa pwani ya Mombasa, kwa lafudhi. Pale stesheni alimwendea shangazi akainama kidogo, "Shikamoo mama," akamchukulia begi mpaka nje. Anaijua njia. Kule Seaford Head alitukusanya akatueleza kuhusu ukingo: kwamba hakuna uzio, majani yanaendelea mpaka mwisho kabisa, na ardhi unayoikanyaga inaweza kuwa imeliwa kwa chini, chaki inameguka wakati wowote, hasa baada ya mvua na baridi kali, kwa hiyo tukae mbali. Akatupa na mfano wa mnara wa taa wa Belle Tout uliokuwa mbele yetu huko Beachy Head: mwaka 1999 ilibidi jengo zima lisogezwe mita 17 kuelekea bara, kwa sababu bahari ilikuwa inakuja kulichukua. Watu wote kimya, wanamsikiliza. Nikasema leo tumempata mtu anayejua kazi yake.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu njia, uchaguzi wa njia, maelezo, nampa nyota nne bila ubishi. Tano hata. Nendeni mkaone, ni pazuri mno.

Lakini hebu niwaeleze kilima cha tano.

Tulipofika, saa tisa na robo hivi, jua lilikuwa limeshateremka upande wa Seaford, limekuwa jekundu, halina joto tena. Wenzetu wameketi majanini. Kiongozi akanyanyua mikono apige makofi. Safari hii shangazi akawahi kusema, kwa sauti ya upole tu, ile sauti anayotumia kwa watoto wa watu: "Baba, nasi tupumzike kidogo."

Kiongozi akatazama saa yake. Akasema, mbele ya watu wote: "Mama, hapa si Tanga. Jua likizama hapa hakuna wa kukubeba."

Halafu akapiga makofi.

Watu wawili walicheka. Si kicheko kibaya, kile cha kutojua ufanye nini. Shangazi hakusema kitu. Aliweka mtandio wake vizuri, akauchomeka ndani ya kola ya koti, akaanza kutembea. Akaanza kutembea kabla yao! Mimi nilisimama pale nimekosa neno. Na hilo nitalijutia, kwamba sikumjibu palepale, kwa sababu jibu lilinijia bondeni, hatua mia mbili baadaye, wakati kiongozi yuko mbali.

Nataka kuwa mkweli kwake. Alikuwa na hoja. Jua huku mwezi ule linazama saa kumi na nusu hivi, na ukingo ule hauna uzio. Ana watu 19 mkononi. Mtu mwenye wasiwasi huwa mkali, na nimejiambia mara nyingi kwamba labda ulikuwa wasiwasi tu, si dharau. Labda angekuwa mama yake angesema vilevile.

Ila sasa. Tulikutana stesheni ya Seaford saa nne kamili, ndivyo tulivyoambiwa, na sisi tuliwahi. Tuliondoka saa tano kasoro dakika kumi. Kwa nini? Kwa sababu rafiki zake wawili waliikosa treni, akasema tuwasubiri inayofuata. Tulisimama kwenye baridi dakika hamsini, shangazi anapigapiga miguu chini ili visigino visigande. Hakuna aliyelalamika. Watu husubiriana. Basi kama mwanga wa jua ulikuwa na thamani kiasi kile saa tisa alasiri, ulikuwa na thamani ileile saa nne asubuhi. Rafiki zake walipewa dakika hamsini. Shangazi yangu aliomba kidogo akaambiwa hapa si Tanga.

Na mtu anayejua kuhusu ukingo kama anavyojua yeye! Hapo ndipo hasira yangu inapokaa hasa. Asingejua ningemsamehe. Yeye ndiye aliyetuambia asubuhi kwamba majani yanadanganya, kwamba usiku mtu anaweza asione ardhi inapoishia. Halafu akawaacha watu wa mwisho watembee peke yao jioni inaingia, bila mtu nyuma yao, bila tochi, na mmoja wao miguu inamtetemeka.

Peke yetu si kweli, nisidanganye. Ndugu mmoja wa Bukavu, mzee mzee kidogo, alisimama kwenye kilima kinachofuata akatungoja, wenzake walipoondoka hakuondoka. Tulipofika alikuwa ametandaza mfuko wa nailoni juu ya majani. "Mama, ikala kwanza upumuzike," akasema. "Acha baende." Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake, ya maziwa, yenye tangawizi. Shangazi alikaa. Ndiyo mara ya kwanza alikaa tangu tuache mto. Mikono yake ilikuwa baridi hata kifuniko kikawa kinagongana na meno. Alikunywa chote, akavuta pumzi, akamwambia yule ndugu, "Mungu akubariki, baba." Dakika tano, si zaidi. Baada ya hapo vilima vilivyobaki alivipanda vizuri kuliko vile vya kwanza. Dakika tano tu ndizo alizozihitaji siku nzima.

Hapo ndipo alipoanza kutusimulia, akitembea, kuhusu watoto aliokuwa akiwapeleka Mapango ya Amboni. Darasa zima, watoto arobaini au hamsini, kutembea kutoka barabarani mpaka mapangoni, ndani giza, nje mto. Nikamuuliza aliwezaje kuwaongoza. Akasema, "Mbele namweka kiranja. Mimi nakaa nyuma." Hakuongeza kitu wala hakumtaja yule kijana. Hadi leo hajamsema kwa ubaya hata mara moja, na mimi ndiyo inanikera zaidi.

Tulifika Birling Gap, pale vilima vya Seven Sisters vinapoishia, mwanga wa mwisho. Pale bahari imekula sana, kulikuwa na safu ya nyumba za zamani zimebaki chache tu ukingoni, nyingine zilibomolewa kabla hazijaanguka. Niliona tochi za kichwani za wenzetu. Hawakuwa wanatungoja. Walikuwa wameshaanza kupanda upande wa pili kuelekea Belle Tout, mstari wa taa ndogo gizani. Nikaita. Kiongozi akageuka, akatuona watatu, akanyoosha dole gumba juu. Akaendelea.

Dole gumba! Kwake hesabu ilikuwa imetimia, 19 wameonekana kwa macho. Hakushuka hata hatua kumi kuuliza mama anaendeleaje na miguu yake, mtaendelea au mtapumzika, mnajua namna ya kutoka hapa. Yule aliyesema shikamoo asubuhi hakusema kwaheri jioni. Tukaita teksi mpaka stesheni ya Eastbourne, tukachanga nauli sisi watatu. Ndani ya teksi shangazi alilala begani kwangu, na mimi nilikaa natazama lile tope jeupe kwenye viatu vyake likikauka na kudondoka vipande vipande kwenye zulia la gari la watu.

Nimeandika hapo juu nyota nne. Nimerudi kusoma nikataka kuzifuta, nikaziacha, kwa sababu mahali penyewe pana haki yake na yangeyange hawana kosa. Lakini huduma ya kuongoza watu, ile niliyolipia, haina hata nyota moja. Kuijua njia si kuongoza. Mimi njia ningeweza kuisoma kwenye ramani.

Niliwaandikia kesho yake. Nilieleza yote, kwa heshima, bila matusi, nikawaambia na dawa yake kwa sababu ni rahisi: wa mwisho akifika, hesabuni dakika tano kuanzia hapo, ndipo muondoke. Na mmoja akae nyuma kabisa, siku zote, mwenye tochi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. "Pole kwa usumbufu, tumerudisha fedha zenu." Na kweli, pauni 30 zimerudi kwenye akaunti yangu.

Sikuomba fedha. Someni tena barua yangu, hakuna mahali nimeomba fedha. Nilimwomba kiongozi ampigie shangazi simu, amwambie samahani mama, kwa Kiswahili, kama alivyomwamkia kwa Kiswahili. Basi. Angefanya hivyo ningeufuta uchungu huu wote na pengine ningekuwa wa kwanza kulipia safari yao ijayo, maana nasikia wakati wa kiangazi wataenda tena njia ileile na shangazi mwenyewe ameshaniuliza kama wakati huo yangeyange huwa bado wapo.

Shangazi anaondoka wiki ijayo kurudi Tanga. Kile kipande cha chaki amekifunga kwenye leso, kiko ndani ya begi tayari. Namba yangu ya simu kiongozi anayo, ndiyo aliyoitumia kunikumbusha nilipe.

Bado hajapiga.